Leseni ya Baa Si Ruhusa ya Kumdhuru Jirani

TAHARIRI

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, katika toleo hili tulikuwa tumekusudia kuandika juu ya mitihani ya madrasa. Limetokea jambo lililotulazimu kuiweka kando mada hiyo, nalo ni jambo ambalo kila msikiti wa mjini unalijua, ijapokuwa si kila msikiti unalizungumza.

Jumatano moja ya mwezi uliopita, watoto wawili waliokuwa wakitoka darasa la baada ya Magharibi waligongwa na pikipiki mbele ya madrasa yetu hapa Mombasa, hatua chache kutoka mlango wa msikiti. Mmoja, mwenye umri wa miaka tisa, alivunjika paja. Wa pili alichubuka uso na mikono. Mwenye pikipiki ni kijana wa bodaboda wa mtaa huu huu. Majirani, ambao tuliwasikiliza mmoja mmoja, wanasema kwamba tangu muda mfupi baada ya swala ya Alasiri kijana huyo alikuwa ameketi katika baa iliyo ng'ambo ya barabara. Walimwona akishindwa kusimama. Walimwona akiangusha kiti. Na walimwona mhudumu akimletea chupa nyingine, kisha nyingine, maadamu mfukoni mwake mlikuwa na kitu. Pesa zilipokwisha aliambiwa kuwa baa si mahali pa kulala. Watu wawili wakamshika mabega, wakampandisha kwenye pikipiki yake na kumtilia ufunguo.

Kijana huyo jina lake ni la Kiislamu, na baba yake huswali nasi katika safu ya pili. Tunalitaja hili ili mtu asidhani kuwa mas-ala haya ni baina yetu na watu wengine. Aliyeumizwa ni mtoto wetu na aliyeumiza ni mtoto wetu. Aliyepata faida usiku ule ni yule aliyeendelea kumimina na kuhesabu pesa.

Uharamu wa ulevi si jambo la kuwafundisha wasomaji wa jarida hili. Kila mtoto wa madrasa anajua kwamba katazo lilishuka kwa daraja: aya ya 219 ya Suratul Baqara, kisha aya ya 43 ya Suratun Nisaa, kisha aya za 90 na 91 za Suratul Maida zilizofunga mlango moja kwa moja. Anajua pia riwaya ya Anas bin Malik (R.A.), ambayo Bukhari na Muslim wameipokea, jinsi watu wa Madina walivyoimwaga pombe kwa mikono yao wenyewe hata ikatiririka katika njia za mji. Tunalotaka kulizungumza leo ni swali jengine: Muislamu anayeishi katika nchi ambayo sheria yake inaruhusu pombe iuzwe kwa leseni, afanye nini pindi mwenye leseni anapoivunja hata hiyo sheria iliyompa ruhusa?

SHERIA INASEMA NINI

Wengi wetu tunadhani kuwa mtu akishapata leseni ya baa amepata mlango wa kufanya atakalo. Dhana hii si sahihi. Leseni ni ahadi baina ya muuzaji na serikali, na ahadi hiyo ina masharti. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wengi waliizoea kwa jina la aliyeipigania bungeni, John Mututho, aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, iliweka masharti hayo kwa uwazi. Baa za kawaida zilitakiwa zifunguliwe siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na mwisho wa juma na siku za sikukuu kuanzia saa nane mchana. Isitolewe leseni mpya ya baa iliyo chini ya mita 300 kutoka shule au mahali pengine panaposomeshwa watoto walio chini ya umri wa miaka 18. Asiuziwe pombe aliye chini ya umri huo. Na muuzaji haruhusiwi kumuuzia kwa kujua mtu ambaye tayari amelewa, wala kumshawishi aendelee kunywa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliikabidhi kazi ya kutoa leseni za vileo kwa serikali za kaunti. Kaunti zikatunga sheria zake, na nyingi zimefuata mkondo ule ule: leseni ni ya muda wa mwaka mmoja, huombwa upya kila inapomalizika, na maombi husikilizwa na kamati katika kaunti ndogo. Kabla kamati haijaamua, mwananchi ana haki ya kuwasilisha pingamizi kwa maandishi akieleza sababu zake. Kamati inaweza kukataa kuifanya upya leseni hiyo, na muuzaji aliyekiuka masharti anaweza kunyang'anywa leseni kabla ya mwaka kwisha.

Sasa irejee habari ya Jumatano ile. Kijana alianza kuhudumiwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Alihudumiwa hali amelewa chakari. Na yote hayo yalitendeka mbele ya madrasa yenye watoto zaidi ya themanini. Katika tukio moja mna mambo matatu ya kuwekwa mbele ya kamati, na hakuna hata moja ambalo linahitaji mwanakamati awe Muislamu ili alielewe.

NA WENZETU WASIOIONA KUWA NI HARAMU

Chimbuko la sheria zetu za leseni za vileo ni Waingereza waliotutawala. Basi tuangalie huko kwao, ambako baa ni ada ya watu na hakuna anayedai kuwa pombe ni dhambi, wameifanyia nini leseni ya baa.

Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, inayotumika Uingereza na Wales, imesimama juu ya malengo manne: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa watu, kuzuia kero kwa jamii, na kuwalinda watoto na madhara. Polisi, maafisa wa afya, au mkaazi yeyote anaweza kuiomba halmashauri iipitie upya leseni ya baa ikiwa lengo mojawapo limevunjwa. Hutangazwa muda wa siku 28 ili kila mwenye la kusema alete maandishi yake, kisha madiwani wa kamati hukaa na kuzisikiliza pande zote. Wana uwezo wa kuongeza masharti, kumwondoa msimamizi wa baa, kuisimamisha leseni kwa muda usiozidi miezi mitatu, au kuifuta kabisa. Asiyeridhika hukata rufaa kwa mahakimu. Kumuuzia pombe mtu aliyelewa ni kosa la jinai katika sheria hiyo hiyo. Na mwaka 2010 waliongeza masharti ya lazima yanayokataza mashindano ya kunywa, na hata ule mchezo wa mtu mmoja kummiminia mwenzake pombe kinywani.

Hatuyataji haya kwa kuwasifu. Kipimo chetu ni sheria ya Mwenyezi Mungu, si ada za watu. Tunayataja kwa sababu kila tunapolalamika huambiwa: "Nyinyi Waislamu mnataka kutulazimisha dini yenu." Hebu wasomaji walitafakari jambo hili. Watu wanaoinywa pombe, wanaoipenda, na ambao hazina ya nchi yao hupata kodi kubwa kutokana nayo, wamekiri kwamba mwenye kumimina ana dhamana juu ya anayemiminiwa na juu ya jirani aliye nje ya mlango. Ikiwa wao wamelifahamu hili, vipi sisi tuone haya kulidai?

MAONI MATATU BAADA YA IJUMAA

Ijumaa iliyofuata ajali ile, watu walibaki msikitini kujadiliana. Yalitokea maoni matatu, na kila moja linastahiki jibu, kwa kuwa tunaamini yanasikika katika misikiti mingine pia.

Oni la kwanza lilikuwa la vijana. Walisema: "Twendeni usiku tukaichome." Wakatoa na dalili: Je, Umar bin Khattab (R.A.) hakuichoma nyumba ya Ruwayshid aliyekuwa akiuza pombe? Riwaya hiyo ipo na wanazuoni wameitaja. Lakini ndugu zetu wamesahau kuuliza aliyeichoma alikuwa nani. Alikuwa Amirul Muuminin, mwenye mamlaka, na alitenda kwa mamlaka hayo. Hakuwa mpita njia aliyebeba kibiriti. Hadithi ya Abu Said Al-Khudri (R.A.) aliyoipokea Muslim imepanga kuuondoa uovu katika daraja tatu: mkono, ulimi na moyo. Wanazuoni wameeleza kwamba mkono ni wa mwenye uwezo na madaraka juu ya jambo, kama mtawala katika nchi yake na mzazi katika nyumba yake. Asiyekuwa na madaraka akiunyoosha mkono huzaa fitna.

Ibnul Qayyim (rahimahullah) katika kitabu chake I'lamul Muwaqqi'in ameigawanya natija ya kukataza uovu katika hali nne. Ya kwanza, uovu uondoke na mahali pake pashike wema. Ya pili, uovu upungue hata kama haukuondoka wote. Ya tatu, uondoke na nafasi yake ishikwe na uovu unaolingana nao. Ya nne, mahali pake paje uovu ulio mkubwa zaidi. Akaeleza kwamba mbili za mwanzo ni sheria, ya tatu ni mahali pa kujitahidi na kupima, na ya nne ni haramu. Tujiulize kwa ukweli: baa ikichomwa usiku, asubuhi yake itakuwaje? Huenda akafa mlinzi aliyelala ndani, ambaye ni maskini anayetafuta ugali wa wanawe. Vijana wetu watakamatwa kumi, na wanane kati yao watakuwa hawakuwapo. Msikiti utaandikwa kuwa ni pango la wenye siasa kali. Mwenye baa atageuka kuwa mwenye kudhulumiwa, na mtoto aliyevunjika paja atasahauliwa. Hiyo ndiyo hali ya nne kwa uwazi wake.

Oni la pili lilikuwa la baadhi ya wazee wetu: "Ya baa tuwaachie wenye baa. Sisi tushike swala zetu." Tunawaheshimu wazee wetu, na tunajua kwamba wengi wao husema hivi kwa kuogopa fitna. Lakini Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Nu'man bin Bashir (R.A.) aliyoipokea Bukhari, alipiga mfano wa watu wa jahazi moja, wa juu na wa chini, ambao wa chini walitaka kulitoboa upande wao ili wapate maji kwa wepesi. Wakiachiwa, huzama wote. Baa iliyo ng'ambo ya barabara imo ndani ya jahazi letu. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameshika juzuu yake, hakuwa na habari na baa, na bado tundu lile lilimzamisha.

Oni la tatu ndilo lililotuchukulia muda mrefu, kwa sababu lilitoka kwa ndugu wenye elimu. Walisema: kuiandikia kamati ya leseni ni kukiri kwamba leseni ni halali. Ukisema "mnyang'anyeni leseni kwa sababu amemuuzia mlevi", maana yake umesema kumuuzia asiyelewa hakuna ubaya. Na Muislamu hawezi kusema hivyo.

Hofu hii ni hofu njema, nayo inatokana na wivu juu ya dini. Lakini hoja yenyewe haisimami. Mwizi akikuibia ng'ombe wawili, ukafanikiwa kumrejesha mmoja mbele ya hakimu, hujamhalalishia wa pili. Kupunguza dhara palipokuwa hapana uwezo wa kuliondoa lote si kuliridhia lililobaki, bali ndiyo hali ya pili katika zile nne za Ibnul Qayyim. Tena hakuna anayetukataza kuandika katika mstari wa mwanzo wa barua yetu kwamba sisi ni Waislamu, tunaitakidi kuwa kileo chote ni haramu kwa mnywaji na kwa muuzaji, kisha tukaendelea: na mbali ya itikadi yetu, mtu huyu amevunja masharti ambayo nyinyi wenyewe mmemwekea.

Na ipo dalili iliyo karibu zaidi. Kabla ya utume, Mtume wetu (S.A.W.) alihudhuria mapatano ya Hilful Fudhul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, ambamo baadhi ya koo za Makuraishi ziliahidiana kusimama na kila aliyedhulumiwa mjini Makka mpaka arejeshewe haki yake. Wale walikuwa washirikina. Pamoja na hayo, baada ya kupewa utume alieleza kwamba lau angeitwa kwenye mapatano kama yale katika Uislamu angeitikia. Hapa mtaani wapo majirani Wakristo ambao usiku hawalali kwa makelele ya baa ile ile, na ambao waume zao huacha mshahara humo. Mama mmoja wa kanisani alikuwa wa mwanzo kumbeba mtoto wetu kumpeleka hospitali. Kusimama naye pamoja katika kuondoa dhuluma hakupunguzi chochote katika dini yetu.

TUANZE NYUMBANI KWETU

Kabla hatujaichukua kalamu kuiandikia kamati, kuna jambo zito la kusema, na tunajua litawachoma baadhi ya wasomaji wetu. Nyumba ambamo baa ile imepangishwa ni mali ya Muislamu. Anaswali. Anatoa sadaka mwezi wa Ramadhani. Na kila tarehe tano hupokea kodi ya pango.

Katika hadithi walizopokea Tirmidhi na wengineo, Mtume (S.A.W.) ametaja watu kumi waliofungamanishwa na laana ya pombe, na mnywaji ni mmoja tu kati ya hao kumi. Wamo anayeikamua, anayeibeba, anayebebewa, anayeimimina, anayeiuza, na anayekula thamani yake. Tuzihesabu kazi hizo katika miji yetu ya leo: dereva wa lori la kreti, mwenye duka la jumla, mwenye kukodisha jengo hali anajua kitakachouzwa ndani. Tusiinue sauti juu ya Serikali ya Kaunti tukamnong'oneza mwenye nyumba. Wanazuoni wetu wamsikilize kwa upole, waelewe udhuru wake ikiwa ana deni au mkataba usiovunjika mara moja, wamsaidie kumpata mpangaji mwengine. Lakini wamwambie kweli. Mkataba wa pango ukimalizika, ana fursa ya kufanya kwa siku moja jambo ambalo kamati huenda ikalijadili mwaka mzima.

Na kuna lile la bahasha. Siku nne baada ya ajali, mtu alikuja kwa niaba ya mwenye baa akisema kwamba yu tayari kulipa gharama zote za hospitali, na kuongeza mchango wa zulia la msikiti, ili mambo yaishe. Wazazi wa mtoto walituuliza rai yetu. Tuliwajibu kwamba gharama za matibabu ni haki ya mtoto, wazipokee pasina haya kutoka kwa yeyote aliye na dhamana. Ama haki ya mtaa haimo mikononi mwa mzazi mmoja hata aiuze. Zulia tulilikataa. Msikiti unaonyamazishwa kwa zulia, waumini wake watasujudu juu ya nini?

NJIA YA KUFUATA

Kwa misikiti iliyo katika hali kama yetu, tunatoa mapendekezo yafuatayo, ambayo sisi wenyewe tumeanza kuyatekeleza.

Kwanza, mpate nakala ya sheria ya vileo ya kaunti yenu, kwani sheria za kaunti hazifanani neno kwa neno. Kifungu cha 35 cha Katiba kimempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 37 kimempa haki ya kuwasilisha malalamiko kwa utulivu pasina silaha. Ulizeni leseni ya baa hiyo itamalizika lini. Pingamizi lililofika baada ya kikao ni sawa na mtu aliyefika msikitini imamu amekwisha toa salamu.

Pili, mkusanye ushahidi, na muwe waadilifu katika ushahidi huo. Andikeni tarehe, saa, lililotokea na nani aliliona. Ripoti ya ajali iandikishwe polisi na nambari yake ihifadhiwe, pamoja na karatasi za hospitali. Msiongeze hata neno moja. Ikiwa mlimwona akiletewa chupa mbili, msiandike tano, kwani ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa hata ukitolewa dhidi ya muuza pombe. Wala msifanye ujasusi: Mwenyezi Mungu ametukataza kupelelezana. Linalotendeka barabarani mbele ya macho ya watu linatosha. Hatuna haja ya kuchungulia madirishani.

Tatu, msiwatukane wahudumu. Wengi wao ni mabinti waliokosa kazi nyengine, na wapo miongoni mwao wanaoitwa Fatuma na Mwanaisha. Anayepaswa kuulizwa kwanza ni mwenye leseni, kwa kuwa yeye ndiye aliyeweka ahadi, na ndiye aliyewaamuru wauze maadamu pesa ipo.

Nne, madrasa zetu ziwe na maandishi. Tukitaka umbali wa mita 300 uhesabiwe kuanzia mlango wa madrasa, basi madrasa iwe imesajiliwa, iwe na daftari la wanafunzi na umri wao. Madrasa isiyojulikana na yeyote isipokuwa wazazi ni rahisi kwa mtu kusema mbele ya kamati kwamba haipo.

Tano, na hili ndilo la msingi, yule kijana wa bodaboda asitupwe. Amelazwa, kichwa kimeumia, na akitoka atakabiliwa na mahakama. Kosa lake ni lake na atawajibika nalo. Hata hivyo, tangu alipoacha madrasa akiwa na miaka kumi na minne, ni nani kati yetu aliyewahi kumwita akamuuliza hali yake? Muuza pombe alimjua kwa jina. Sisi tulimjua kwa mlio wa pikipiki yake.

Ndugu Waislamu, ukubwa wa jambo hili haukuishia mtaa mmoja. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo vya watu milioni 2.6 ulimwenguni. Hapa kwetu bado tunakumbuka Novemba 2000, ambapo watu zaidi ya mia moja walikufa Nairobi, wengi wao katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, kwa pombe iliyotiwa sumu ya methanoli, na Februari 2024, ambapo watu wasiopungua 17 walifariki katika kaunti ya Kirinyaga kwa sababu kama hiyo. Baada ya vifo vya Kirinyaga, mwezi wa Machi 2024, serikali ilitangaza kwamba leseni za watengenezaji wa vileo vya bei rahisi zitakaguliwa upya. Kila mara leseni hukumbukwa baada ya mazishi. Sisi tunaomba ikumbukwe kabla.

Barua ya msikiti wetu imekwisha andikwa. Imetiwa saini na waumini, na majirani wasiokuwa Waislamu wameongeza saini zao chini yake. Kamati ikitenda haki, tutashukuru. Ikikataa, tutarejea mwakani leseni itakapoombwa upya, na mwaka wa baada yake, kwa adabu ile ile na kwa daftari lenye kurasa zaidi. Hatukukalifishwa kupata matokeo, tumekalifishwa kufikisha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amponye mtoto wetu, amrudishe darasani akitembea kwa miguu yake miwili, amuongoze kijana aliyemgonga, awape wenye mamlaka ujasiri wa kuhukumu kwa uadilifu, na atulinde sisi na kizazi chetu na mama wa maovu. Amin.